Karatasi Uliyoniomba

Xiaobei, Guangzhou
Jumatatu, 11 Mei

Kwako kaka yangu Tom,

Hujambo kaka? Naomba barua hii ikukute ukiwa mzima, umekula, na baridi ya Poland imekuonea huruma, maana tunaambiwa huko Mei ni mwezi wa maua. Sisi huku tuko salama. Mama ni mzima, mgongo tu ndio unaomsumbua akiinama kwenye marobota ya mabegi, ingawa ukimuuliza atakuambia ni hali ya hewa. Na kweli hali ya hewa ni mbaya. Kuta za nyumba zinatoka jasho, nguo hazikauki, na vile viatu vyako vya barafu ulivyoviacha chini ya kitanda nimevifuta ukungu mara mbili mwezi huu. Mama hataki vitupwe.

Najua utashangaa kupata barua ya karatasi, tena ndani ya bahasha kubwa hivi. Nimejaribu simu. Mara nne nimekupigia na mara nne umepokea ukicheka, na wewe ukicheka mimi husahau nilichotaka kusema, au hujifanya nimesahau. Unanijua. Mimi ni yule anayejua jibu darasani na bado ananyamaza hadi mwenzake alikosee. Kwa hiyo nimeamua kuandika, tena kwa Kiswahili. Hesabu nilifundishwa kwa Kichina na sasa nasoma kwa Kiingereza, na Kiswahili changu ni cha nyumbani na cha kanisani, utanisamehe pale kinapopinda. Lakini haya ni mambo ya kwetu, na Mama alitaka ayasome kabla sijafunga bahasha. Naongeza hapa pembeni akiwa ameshamaliza: ameyasoma yote isipokuwa ukurasa wa mwisho. Ukifika huko utajua ni kwa nini.

Wiki tatu zilizopita uliniomba jambo dogo. Ulisema timu ya hoki ya Slovakia inakutaka kwa miaka miwili, mkataba utatiwa saini tarehe ishirini na tano, na kilichobaki ni daktari wao tu, anayetaka karatasi zote za zamani. Kwenye fomu yake uliandika kwamba uligongwa kichwa mara moja, Guangzhou, ukapumzika wiki mbili, ukapona. Ukaniomba nilitafsiri lile daftari la hospitali kwa Kiingereza, nilipige muhuri, nilitume. Nilikujibu kwamba duka la kuchapa limefungwa. Halijafungwa, Tom. Lipo pale pale mtaa wa Dengfeng, katikati ya wauza simu na wabadilishaji pesa, na mwenyewe alinisalimia jana tu. Nilikudanganya, na huo si uongo mkubwa ulio katika barua hii.

Kabla sijafika huko, niache niseme unayoyajua kunishinda. Nataka uone kwamba ninaelewa ninachokigusa.

Najua ulianzia katika ile hoteli ya Nairobi yenye uwanja mdogo wa barafu, ambako Baba alikuwa fundi wa mitambo ya baridi. Jumamosi alikuchukua alfajiri ukamshikie tochi, na yeye akiwa ameinama kwenye mabomba wewe ulikuwa unasukuma kiti cha plastiki juu ya barafu kabla wageni hawajaamka, miguuni viatu vya kukodisha vilivyokuzidi namba mbili, ndani soksi tatu. Mama anasema Baba alikugombeza kila Jumamosi, na kila Jumamosi akakuchukua tena. Mimi wakati huo nilikuwa huku tayari. Mama alinileta nikiwa na miaka minne alipoanza biashara, na kaka niliyemjua ni uso uliokuwa ukikwamakwama kwenye simu. Baba alipofariki ukaja. Ulikuwa na miaka kumi na saba, begi moja, na fimbo ya hoki uliyoizungushia gazeti, na yule askari wa uwanja wa ndege alinitaka nimweleze inalima nini.

Mimi ndiye niliyekupeleka kwa Kocha Liu. Nilikuwa na miaka tisa, na Mama alinituma niwe mdomo wako. Unakumbuka ule uwanja wa Tianhe, juu ya maduka ya nguo, baridi ikishuka hadi kwenye ngazi za umeme? Yule mzee wa Harbin alikutazama ukizunguka mara tatu, kisha akaniambia maneno mengi, nami nikakugeukia nikasema, "Anasema huogopi." Ulifurahi siku nzima. Alichosema hasa ni kwamba miguu yako imekaa vibaya, fimbo umeishika kama ufagio, mgongo wako ni wa mtu aliyejifunza bila mwalimu, kila kitu ni cha kubomoa na kujenga upya, ila huogopi. Nilikupa neno la mwisho nikabaki na mengine. Siku ile niliona ni wema.

Ukabomolewa, ukajengwa. Miaka miwili baadaye ukaenda timu ya Harbin, kule kaskazini, ukapata mshahara wa kwanza wa maisha yako kwa kuteleza, na jina lako mgongoni kwa herufi za Kichina ambazo Mama alinifanya nimchoree kwenye kitambaa. Siku mlipoonyeshwa kwenye runinga, wanawake wa kanisa walijazana katika mkahawa wa Kawira, wakashangilia kila mchezaji mrefu, maana nyote mlikuwa na helmeti na hakuna aliyejua yupi ni wetu. Kawira aliuliza ni mchezo gani huu ambao wanaume wazima wanapigana, halafu wanafungiwa ndani ya kibanda kama watoto waliopiga kelele darasani. Mama alimjibu kwamba huo ndio mchezo unaomlisha mwanawe. Sijawahi kumsikia akisema jambo kwa fahari hivyo, hata kuhusu mabegi yake.

Sasa nikueleze jinsi nilivyokuwa, maana wewe ulikuwa Harbin na hukuona.

Tangu nilipojua kusoma Kichina nimekuwa mkalimani wa kila mtu. Mwenye nyumba, polisi wa viza, mwalimu, kila laoban mwenye duka sokoni. Mama akitaka kupunguziwa bei husema kwa Kiswahili kwamba huyu mwanamume ni mwizi tangu tumboni mwa mamaye, nami humwambia laoban kwamba Mama anaomba amfikirie mteja wa siku nyingi. Laoban akisema hawa watu weusi wanachosha, mimi humwambia Mama amesema mzigo umekwisha. Wote wawili huondoka wakiwa na heshima zao. Odhiambo wa kago, anayesafirisha mizigo pale jengo la Tianxiu, huniita Balozi kwa sababu hiyo. Anasema nimezuia vita nyingi kuliko Umoja wa Mataifa.

Lakini kuna habari ambazo hazipunguziki. Mwenye nyumba wetu wa kwanza aliposema tuhame ndani ya siku tatu, nilimfikishia Mama neno kwa neno, na Mama akanigeukia mimi kwa ukali kana kwamba nyumba ni yangu. Baadaye aliniomba radhi. Hata hivyo tangu siku ile nilijifunza kwamba anayelitamka neno ndiye anayetazamwa. Nikazoea kupunguza. Nilianza na matusi, nikaendelea na makali yoyote. Nikawa hodari sana, Tom, hata nikawa sijui kama napunguza.

Ndipo ikaja Julai ile.

Ulikuwa umerudi kutoka Harbin, na mkataba wa Poland ulikuwa umeshafika. Mama alikuwa amesimama kanisani na kushukuru hadharani. Kocha Liu alikualika ucheze mechi ya kirafiki na vijana wake wa zamani, mimi nikaja kutazama na kitabu changu. Yule aliyekugonga hakuwa na nia mbaya. Mlikuwa mnakimbilia kile kisahani cheusi cha hoki, ukapiga kichwa kwenye ubao wa kando, ukaanguka, ukaamka. Ukatikisa kichwa, ukateleza taratibu hadi kwenye benchi la wapinzani, ukakaa katikati yao. Uwanja mzima ulicheka. Mimi pia nilicheka. Kisha ukawaomba fimbo urudi kucheza, na ndipo nikaona kwamba Kocha Liu hacheki. Kwenye teksi ukatapika.

Hospitalini walikulaza ukatundikiwa maji, ukasinzia. Kichina chako kilikuwa cha barafuni na cha kantini, na hata hicho siku ile hukuwa nacho. Daktari alikuwa mama mmoja wa miwani, mpole, anayesema haraka. Alituita mimi na Mama mezani pake, akazitundika picha za kichwa chako kwenye taa. Kabla hajaanza aliniuliza kama hakuna mtu mzima anayejua Kichina tukamwita. Nikamjibu kwamba mimi natosha. Nilikuwa na miaka kumi na tatu na nilisema natosha.

Akasema. Ninayaandika hapa yote, na yamo pia kwenye daftari kwa mkono wake. Alisema ubongo umetikisika vibaya. Akasema, na hili lilinishangaza, kwamba ameona alama ya damu iliyovuja zamani, miezi mingi nyuma, kwa hiyo hilo halikuwa pigo lako la kwanza la aina hiyo. Alisema wiki mbili ulale gizani, bila simu, bila kusoma. Baada ya hapo mwaka mzima usicheze mchezo wowote wa kugongana, na kila baada ya miezi mitatu urudi upigwe picha. Mwaka ukiisha ndipo daktari wa ubongo aamue kama utarudi kabisa au hutarudi. Alisema mtu wa namna hii akipigwa tena mapema anaweza asiamke, na akiamka huenda asiwe yule waliyemjua.

Mama alikuwa akitazama midomo yangu. Hakungoja daktari amalize. Aliniuliza, "Atacheza?"

Nikamwambia, "Wiki mbili, Mama. Apumzike wiki mbili."

Mama aliushika ukuta kwa mkono mmoja, akamshukuru Ngai Mungu wetu kwa sauti hadi wauguzi wakageuka. Daktari alimtazama, akanitazama, akaniuliza kama mama yangu ameelewa. Nikasema ameelewa.

Hizo wiki mbili sikuzitunga. Zilikuwa miongoni mwa maneno ya daktari. Nilizichukua hizo, nikaacha mwaka. Nilidhani nitausema mwaka jioni, Mama akishatulia. Jioni ukaamka ukaanza kututania kuhusu uji wa hospitali, nikaona nitausema kesho. Wiki mbili zikaisha. Agosti ikaja, tukakusindikiza, Mama akakufunga skafu shingoni katika lile joto, na mimi nilikuwa na daftari lako ndani ya begi langu la shule. Nililibeba hadi uwanja wa ndege, Tom. Nilikuwa nalo mgongoni wakati unanikumbatia.

Baada ya hapo nililifungia pamoja na vyeti vyangu vya shule, mahali ambapo hakuna mwingine katika nyumba hii anayeweza kusoma kilichoandikwa. Ukacheza msimu wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ukaandikwa kwenye gazeti la mji wenu. Kila ulipofunga bao Mama alinipigia simu hadi shuleni. Nami kila mechi niliitazama nimeishika simu kwa mbali, kama mtu anayetazama maji yanayochemka, nikihesabu mara ulizobamizwa kwenye ubao. Ukasema kichwa kinauma, ukasema ni taa za uwanja. Ukasema umesahau funguo mara tatu katika wiki, ukasema ni uzee, na una miaka ishirini na minne.

Kisha ikaja Jumapili ile ya Machi. Ulipiga baada ya ibada, ukatusimulia jinsi wewe na Elinami, yule mwanafunzi wa Moshi, mlivyosonga ugali kwa unga wa semolina, mkakosa mwiko, mkachonga fimbo yako ya zamani ya mbao ikawa mwiko, na mama mwenye nyumba akaingia akadhani mnakoroga plasta ya kuta zake. Mama alicheka hadi akakaa chini. Saa moja baadaye ulipiga tena. Ukatusimulia kuhusu Elinami, na semolina, na fimbo, na mama mwenye nyumba, tangu mwanzo, na ukacheka mahali pale pale. Mama alicheka tena. Alidhani umependa kisa chako. Mimi nilitoka nikaenda kusimama kwenye ngazi.

Kwa hiyo ulipoomba tafsiri, mwezi uliofuata, nilijua kwamba siku imefika. Ungedhani niliandika ukweli mara moja. Sikuandika. Niliketi pale duka la kuchapa nikaandika kwa Kiingereza safi kwamba mgonjwa apumzike wiki mbili na yuko salama kuendelea na michezo. Nikampelekea Odhiambo, kwa sababu Mama alisema yeye ana mihuri. Odhiambo hakujua kilichomo, aliuliza tu kama karatasi ni ya Tom, nikasema ndiyo.

"Balozi, hiyo ni karatasi tu," aliniambia. "Kule nani atasoma Kichina? Wakiona duara nyekundu na nyota katikati watasimama wapige saluti."

Akaipiga muhuri wa kampuni yake ya mizigo. Ilipendeza sana. Nilikaa nayo siku tatu, nikienda nayo shule na kurudi nayo. Ilikuwa rahisi mno kuituma, na kila mtu angefurahi, wewe kwanza.

Siku ya nne nilienda Tianhe kwa Kocha Liu. Sijui nilifuata nini. Labda nilitaka mtu ambaye ningeweza kumwambia kwa Kichina, kwa sababu mambo haya niliyasikia kwa Kichina na sikuwahi kuyatamka kwa lugha nyingine hata nikiwa peke yangu. Alikuwa anafundisha watoto wadogo. Nilimwambia yote nikiwa nimetazama chini. Alinipa mtoto mmoja nimfunge kamba za viatu, kisha wa pili, kisha wa tatu, na nilipomaliza ndipo alipokaa. Aliniambia kwamba Julai ile alikuwa ameniuliza daktari kasema nini, nami nikamjibu wiki mbili, naye hakuamini. Alikuona ukienda benchi lisilo lako. Alijua wiki mbili ni chache. Lakini alikuwa amekufundisha yeye, na alitaka sana kukuona Ulaya. Tangu siku ile hajawahi kuuliza tena.

"Wewe ulikuwa mtoto," alisema. "Mimi nilikuwa na miaka sitini."

Nilimsikia nikidhani nitapata nafuu. Sikupata. Nilipanda treni ya chini ya ardhi, nikaichana ile karatasi ya Odhiambo vipande vidogo, nikavitia mfukoni kwa sababu mle ndani hakuna pa kutupa taka.

Mama nilimwambia Alhamisi, dukani, mchana, tukiwa tunafunga robota la Mombasa. Yeye alikuwa anavuta ule utepe wa gundi, mimi nimeshika pembe. Nilimsomea daftari, kwanza kwa Kichina, asielewe kitu, kisha kwa Kiswahili, bila kuruka. Nilipofika kwenye maneno ya kutoamka, utepe ulisimama. Halafu akaendelea. Akazungusha robota lile mara nyingi kuliko inavyohitajika, hadi gundi ikaisha, akakaa juu yake. Nilingoja anipige. Nadhani ningefurahi.

Mteja mmoja aliingia, akatuona, akatoka. Ndipo aliposema, kwa sauti ndogo, "Mimi ndiye niliyekuuliza vibaya, Ndinda. Nilikuuliza kama atacheza. Mama mzima, sikuuliza kama atapona."

Nilimwambia hapana, kosa ni langu. Akasema nisimfundishe makosa yake. Kisha akaniuliza kama wewe ulijua kuhusu lile pigo la zamani, ile damu. Nikamwambia sijui. Nakuuliza sasa, kaka. Ni Harbin? Ni ile wiki uliyosema una mafua na hukutaka tupigiane kwa video?

Mama alisema nikutumie wewe kila kitu: daftari lenyewe, picha zote, na tafsiri ya kweli. Ndiyo maana bahasha ni kubwa. Alisema wewe ni mtu mzima, utayasoma, na utampelekea daktari wa timu kwa mkono wako mwenyewe. Alisema nisimwandikie mtu mwingine yeyote; aibu hii ni ya nyumbani na wewe ndiye mwenye kichwa. Nikamwahidi. Aliposoma barua hadi hapa aliirudisha mezani, akaenda kuoga, na nilimsikia akilia chini ya maji.

Huu sasa ni ule ukurasa ambao hajasoma.

Mama anaamini kwamba ukiyapata maneno haya utasimama. Mimi nimekuona ukiwa huwezi kutofautisha benchi letu na la wengine, na bado unaomba fimbo. Najua utakavyofanya. Utaisoma barua, utanisamehe haraka sana kwa sababu wewe ni mwema, utaiweka bahasha chini ya kitanda, na tarehe ishirini na tano utasaini. Utasema msimu mmoja tu. Nami ningefanya hivyo kama ningekuwa wewe, kama ningekuwa na kitu kimoja duniani ninachokiweza.

Kwa hiyo Ijumaa, kabla ya kipindi cha kwanza, nilimtumia daktari wa Slovakia tafsiri ile na picha za kila ukurasa wa daftari. Anwani yake ilikuwa chini ya fomu uliyonitumia. Nimevunja ahadi niliyompa Mama, na sikukuuliza wewe. Jana alijibu. Aliniuliza kama mfasiri ni mtu mzima mwenye kibali. Nikamwandikia kwamba nina miaka kumi na sita, sina kibali, na anaweza kumtafuta mwingine yeyote, Kichina kile kitasema vile vile. Leo asubuhi ameandika tena. Anasema ahsante. Anasema hakuna mkataba wala barafu hadi upigwe picha mpya na zisomwe na daktari wa ubongo, na kwamba timu yako ya sasa nayo itaarifiwa. Watakupigia simu Jumatatu ijayo. Bahasha hii itafika Jumamosi; nimemwomba Odhiambo aitume kwa njia ya haraka kuliko zote ili uyasikie kwangu kabla hujayasikia kwao.

Hii si kama ile Julai, kaka. Ile ilinitoka kwa mazoea. Hii nimeifanya nikijua. Miaka yote uliyoteleza tangu kile kiti cha plastiki huenda nimeifunga kwa barua pepe moja, na sitakuja kukuambia kwamba nililazimishwa. Ukinichukia, nichukie. Nataka tu uwe mtu anayekumbuka ni kwa nini ananichukia.

Mama nitamwambia nikishajua bahasha imefika mikononi mwako. Sitamwacha aisikie kutoka kwako.

Mama anakusalimu sana, anasema ule vizuri na usikae peke yako wiki hii. Kocha Liu anakusalimu; ameniomba nikuandikie kwamba anakuomba radhi, na hakusema zaidi ya hapo. Odhiambo anakusalimu pia, na ananuna kwamba muhuri wake umetupwa. Nisalimie Elinami. Mwambie, kama si mzigo kwake, aje alale kwako Jumamosi, na Jumatatu awe karibu nawe simu ile ikilia.

Mimi ni mdogo wako,
Ndinda